Siku ya Tatu Mpe Jembe: Somo Kuhusu Upweke wa Wakimbizi



Katika masomo yaliyopita tulizungumzia maji safi, vyoo na bustani za mboga. Hayo ni mambo yanayoonekana na kuhesabika. Robo hii tunawaletea somo juu ya jambo ambalo si rahisi kulihesabu, nalo ni upweke wa mkimbizi katika nchi iliyompokea. Hatukulichagua kwa sababu tunalifahamu kuliko wengine. Tumelichagua kwa sababu sisi wenyewe tulilikosea, na tungependa kamati zetu zisirudie kosa letu.

Lengo la somo

Baada ya kusoma na kujadiliana, kila kamati iweze:
- kueleza tofauti kati ya kuwa peke yako na kuwa mpweke;
- kutambua vyanzo vya upweke wa wakimbizi wanaoishi jirani nao;
- kupanga hatua mbili au tatu zilizo ndani ya uwezo wake.

Kisa kilichotufundisha

Mwaka 2018 tulipeleka misaada katika kambi mojawapo ya mkoa wa Kigoma. Miongoni mwa waliopokea alikuwapo mzee mmoja kutoka Burundi aliyeishi peke yake. Mke wake alifariki kabla ya safari, na watoto wake wawili walipotezana naye njiani mwaka 2015. Tulimpa blanketi, mkeka, ndoo na sabuni. Katika fomu yetu tuliandika kwamba amehudumiwa, naye akatia dole gumba.

Baada ya miezi mitano tulirudi kufanya tathmini. Tulimkuta amekonda. Blanketi lilikuwa bado ndani ya mfuko wake wa nailoni. Majirani walituambia kwamba mara nyingine haendi hata kuchukua mgao wa chakula, ingawa kadi anayo na miguu yake ni mizima. Mwenzetu mmoja alimwuliza kwa nini hakulitumia blanketi. Akajibu kwa upole: "Nikilala vizuri, asubuhi nimwambie nani?"

Tulikosa la kumjibu. Tulipofika ofisini tulipitia fomu zote za safari ile. Kila kitu tulichogawa kilikuwa kimeandikwa. Hapakuwa na mstari hata mmoja uliouliza mtu huyu anaishi na nani, anatembelewa na nani, au kwao alikuwa anafanya kazi gani.

Aliyetusaidia ni mama mmoja wa kamati ya parokia ya jirani, Muha wa hapo hapo Kigoma. Safari iliyofuata alimsalimu mzee kwa Kiha. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, kwa hiyo walielewana bila mkalimani. Akaketi naye, wakazungumza juu ya mvua na mihogo. Siku ile hakumletea kitu chochote. Aliporudi mara ya pili alimwomba msaada: aliona kikapu kilichoanzwa kusukwa kikaachwa kando, akamwomba awafundishe vijana wawili wa jumuiya kazi hiyo. Mzee alisita, kisha akakubali. Baada ya muda majirani waliokuwa wamegombania foleni ya maji walianza kwenda kwake kupatanishwa. Ndipo tulipofahamu kwamba kwao alikuwa mmoja wa bashingantahe, yaani wazee wanaoaminiwa na jamii kuamua mashauri na kupatanisha watu.

Hatusemi kwamba upweke wake ulikwisha. Tulipomwona mara ya mwisho habari za watoto wake zilikuwa hazijapatikana, na majirani walisema jioni bado alikuwa mtu wa kukaa kimya. Lakini blanketi lilikuwa limefunguliwa, na siku ya mgao alikwenda kituoni pamoja na wale vijana wawili, wakambebea mzigo.

Upweke ni nini?

Wengi wetu hudhani kwamba mpweke ni mtu asiye na watu karibu. Lakini kambini watu ni wengi mno. Nyumba zimebanana, foleni ni ndefu, na usiku mtu husikia kikohozi cha jirani. Kinyume chake, mkulima anaweza kushinda shambani peke yake tangu alfajiri asiwe mpweke, kwa kuwa anajua nyumbani wanamngoja.

Kutokana na kisa hiki tumejifunza kwamba upweke una sehemu mbili. Ya kwanza ni kukosa mtu anayekujua: anayejua jina lako, kwenu, wazazi wako na ulivyokuwa kabla ya shida. Ya pili ni kukosa mtu anayekuhitaji. Misaada yetu mingi huuliza, "Mtu huyu anahitaji nini?" Swali hilo ni la lazima, maana mwenye njaa hali mazungumzo. Lakini tulikuwa hatuulizi swali la pili: "Nani anamhitaji mtu huyu?"

Jambo hili si dogo. Mwezi Juni 2025 tume ya Shirika la Afya Duniani ilitoa taarifa kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani ana tatizo la upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Upweke si ugonjwa wa akili. Hata hivyo, ukiachwa kwa muda mrefu hudhoofisha mwili na moyo. Waswahili husema mtu fulani "ana mawazo", na kila mmoja wetu anamfahamu mtu ambaye mawazo yalimwangusha.

Upweke wa mkimbizi unatoka wapi?

1. Kutawanyika ghafla. Mwezi Mei 2015, baada ya machafuko kuanza Burundi, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia Kagunga, kijiji kidogo cha wavuvi kando ya Ziwa Tanganyika, karibu kabisa na mpaka. Kipindupindu kikazuka hapo. Wengi walichukuliwa na meli ya MV Liemba hadi Kigoma mjini, na kutoka hapo wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Katika msongamano wa namna hiyo si ajabu mke kushuka upande huu na mume kubaki upande ule.

2. Kutojua habari za ndugu. Aliyefiwa hukaa matanga. Watu huja, hulia pamoja naye, kisha matanga huanuliwa na maisha huendelea. Lakini aliyepotelewa na mtoto hana siku ya kuanua matanga. Hawezi kulia kama mfiwa wala kufurahi kama mzazi, na wanaomzunguka hawajui wampe pole au wamtie moyo.

3. Kupoteza nafasi katika jamii. Mkunga, fundi seremala, mwalimu wa kwaya, mkulima aliyelisha watu kumi: wote wakifika kambini wanapewa kadi zinazofanana na kusimama katika foleni moja. Baba aliyezoea kuleta chakula nyumbani sasa anakipokea mbele ya watoto wake.

4. Kufungiwa mahali pamoja kwa muda mrefu. Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi akae katika eneo alilopangiwa, na akitaka kutoka apate kibali. Hatuandiki haya ili kuilaumu serikali, maana nchi yetu imepokea wageni wengi kuliko nchi nyingi tajiri. Tunaandika ili kamati zielewe kwamba mkimbizi hawezi kuja kwetu anapotaka. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Watoto waliozaliwa huko miaka ya mwanzo wamekua na kupata watoto wao humo humo.

5. Hofu. Wengi walikimbia ukatili uliofanywa na watu waliowafahamu. Wakifika kambini hawajui jirani mpya alikuwa upande gani. Wengine huficha hata jina la kijiji chao. Mtu anayejificha hawezi kujulikana.

6. Kuachwa mara ya pili. Tangu mwaka 2017 Warundi wengi wamerudi kwao. Wakongo wengi nao wamehamishiwa Marekani, Kanada na Australia. Anayebaki hupoteza majirani aliokwisha kuwazoea. Na yule aliyekwenda ng'ambo, ambaye sisi humwona amebahatika, mara nyingi hukutana na upweke mwingine: milango iliyofungwa, lugha asiyoijua, na majirani wanaopita bila salamu.

Methali yetu inasemaje?

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hii mwaka 1962 alipoeleza maana ya Ujamaa. Kwa kawaida tunaisema ili kumwonya mgeni mvivu. Lakini tuitazame tena kwa upande wa mgeni. Anayepewa jembe ameambiwa kwamba amekuwa mtu wa nyumba hii, na kwamba shamba hili linamhitaji. Anayeendelea kutengewa chakula bila kupewa kazi anabaki mgeni, hata ikipita miaka thelathini.

Historia ya nchi yetu inatuonyesha hivyo. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi ya kulima katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walifyeka pori, wakalima na kuuza mazao, wakasomesha watoto. Mwaka 2014 watu zaidi ya 160,000 wa kundi hilo walianza kukabidhiwa hati za uraia wa Tanzania. Shida walizipata nyingi, na wapo waliozeeka wakililia kwao. Lakini hawakubaki watu wa kupokea tu.

Kamati ya parokia haina mamlaka ya kugawa ardhi wala ya kubadili sheria. Jembe tunalolizungumzia hapa ni nafasi ya kuwa na manufaa kwa mwingine.

Yaliyowahi kusaidia

Redio. Baada ya maelfu ya Wanyarwanda kuvuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara mwaka 1994, Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera mwaka 1995. Pamoja na habari na mafunzo, redio hiyo ilitangaza ujumbe wa watu waliokuwa wanawatafuta ndugu zao.

Barua za Msalaba Mwekundu. Kwa miaka mingi Msalaba Mwekundu umewasaidia waliopotezana kwa vita kutafutana na kupelekeana barua fupi za habari za kifamilia. Kila kamati inapaswa kumjua mhudumu wa Msalaba Mwekundu aliye karibu, ili imwelekeze mkimbizi mahali panapohusika.

Benchi la bibi. Nchini Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha akina bibi wa mitaani mjini Harare namna ya kuwasikiliza watu waliolemewa. Bibi huketi na mwenye shida kwenye benchi nje ya zahanati, wakazungumza juu ya tatizo moja na hatua moja ya kuchukua. Washona wana neno lao, kufungisisa, lenye maana ya kufikiri kupita kiasi, ambalo halitofautiani sana na "mawazo" yetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba walioketi kwenye benchi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Akina bibi wale hawakuwa wataalamu. Walifundishwa, wakasimamiwa, na walikuwapo siku walizosema watakuwapo.

Kamati ifanye nini?

Kwanza, tengenezeni orodha ya pili. Orodha ya kwanza inaonyesha nani amepokea nini. Ya pili ionyeshe wanaoishi peke yao: wazee, wajane, vijana waliofika bila wazazi, walemavu, na wale ambao lugha yao haizungumzwi na majirani. Mbele ya kila jina andikeni nani anamtembelea. Orodha hii ni ya siri na isibandikwe ukutani. Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo walio wakimbizi wenyewe ndio watakaowasaidia zaidi, maana wao wako ndani.

Pili, tembeleeni wawili wawili, kwa siku inayojulikana. Fuateni utaratibu wa vibali. Ni afadhali kwenda mara moja kwa mwezi bila kukosa kuliko kwenda kila wiki kwa mwezi mmoja kisha mkapotea. Mtu aliyekwisha kuachwa akiachwa tena huumia zaidi.

Tatu, ziara ya kwanza msipeleke kitu. Mkipeleka kitu, mazungumzo yatakuwa juu ya kitu hicho, na majirani watauliza kwa nini wao hawakupata. Pelekeni salamu, tena kwa lugha yake ikiwezekana.

Nne, ombeni jambo. Mwombeni akufundisheni wimbo wa kwao, mapishi ya sombe, namna ya kusuka au kushona. Mwombeni ushauri. Mwombeni asome somo Jumapili. Msiombe kwa kujifanya, maana mtu mzima hutambua anapochezewa. Ombeni kitu mnachokihitaji kweli.

Tano, msikose msibani. Mkimbizi asiye na ndugu akifiwa, kamati iwe ndiyo ukoo wake: iketi naye, ichimbe kaburi, irudi siku ya kuanua matanga.

Sita, sikilizeni bila kuchunguza. Msimhoji habari za vita, akitaka atasema. Msimpige picha kwa ajili ya ripoti. Msiahidi kumtafutia ndugu wala safari ya ng'ambo. Mliyoambiwa yasitoke nje.

Saba, jueni mpaka wenu. Mkiona mtu hali wala halali kwa majuma kadhaa, anasema kwamba heri afe, anasikia sauti zisizosikiwa na wengine, au amefanyiwa ukatili, msijaribu kumtibu kwa maneno. Akisema anataka kujiua msimwache peke yake. Mpelekeni kwa wahudumu wa afya wa kambi siku hiyo hiyo, kisha endeleeni kumtembelea.

Neno kwa wafadhili

Ndugu wafadhili, michango yenu ya mablanketi na sabuni haikuwa bure, nasi hatuombi mwiache. Tunaomba mtuelewe katika mambo mawili.

Jambo la kwanza ni gharama. Kazi hii inahitaji nauli, mafunzo ya wanakamati, muda wa simu, nyuzi za kusukia, majani ya chai na sukari. Katika ripoti vitu hivi huonekana kama matumizi ya ofisi. Kwa kweli ndiyo huduma yenyewe.

Jambo la pili ni hesabu. Tumeongeza mistari miwili katika fomu yetu: "Nani anamtembelea?" na "Yeye anamsaidia nani?" Kujaza mistari hiyo kunachukua muda. Siku ambayo zamani tulihudumia kaya nyingi, sasa tutahudumia chache. Idadi katika ripoti zetu zitapungua, nasi tumeona ni heri tuwaambie mapema kuliko kuendelea kuandika kwamba mtu amehudumiwa wakati blanketi lake liko ndani ya nailoni.

Somo la kusoma pamoja

Kamati zinazoanza kikao kwa Neno zisome kitabu cha Ruthu, sura ya 1 na ya 2. Naomi alikimbia njaa akaenda Moabu, na huko akafiwa na mume na wana wawili. Aliyekataa kumwacha alikuwa Ruthu, mwenyeji wa nchi ile. Waliporudi Bethlehemu mambo yakageuka: Ruthu ndiye akawa mgeni. Angalieni aliruhusiwa kufanya nini katika shamba la Boazi, na jinsi alivyorudi jioni akiwa na kitu cha kumlisha mwenzake.

Maswali ya kujadili

1. Katika eneo letu, ni nani ambaye akiugua leo hakuna atakayejua mpaka wiki ijayo? Jibuni kwa mkimbizi na kwa mwenyeji pia.
2. Mara ya mwisho tulipomtembelea mkimbizi, tulimwuliza anahitaji nini, au tulimwuliza anajua kufanya nini?
3. Kuna kazi gani katika parokia yetu ambayo tungeweza kumkabidhi mgeni, lakini tumezoea kuifanya wenyewe?
4. Ni ahadi gani tuliwahi kuitoa kambini tukaisahau? Tutairekebishaje?

Tunawaomba makatibu wa kamati watuandikie walichoamua kabla ya toleo lijalo. Andikeni pia mliposhindwa, maana somo hili lenyewe limetokana na kushindwa kwetu. Mungu awabariki ninyi na wageni walio kati yenu.